Ganda la Jana

Mume wangu Nzau hurudi Jumamosi
na soksi iliyojaa maganda.
Si ya njugu. Ya risasi.
Huyamwaga kwenye ungo niliopewa na mamake
na sebule yetu ya South B hulia
kama kengele zisizokubaliana ibada ianze saa ngapi.

Mimi ni karani wa hesabu, Mtaa wa Biashara,
miaka ishirini na sita juu ya mapato ya watu wengine.
Basi nikamwuliza: hii kazi ya kujaza tena inalipa?
Akanijibu kwa methali, kama mtu asiye na risiti:
ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno.

Nikachukua daftari.

Andika mashine, ile ya kijani, ya mtumba,
aliyouziwa na Bwana Virdee wa Parklands
kwa bei ya ng'ombe wa maziwa.
Andika mizani ya kupima punje.
Andika baruti na fataki, zisizopatikana ila kwa kibali,
na kibali hakipatikani ila kwa foleni,
na foleni ni nusu siku,
na nusu siku ina mwenyewe: mwajiri.
Andika kabati la chuma, kufuli mbili.
Andika siki, ndimu,
na sufuria yangu ya ndengu
ambayo haitapika ndengu tena.

Upande wa pili: risasi mpya dukani,
sanduku dogo, bei ya mbuzi anayenyonya.
Ganda moja hurudi kazini mara tano, mara sita,
kabla shingo haijapasuka.
Kwa kalamu yangu, mwaka wa tatu
alipaswa kuanza kuokoa.

Hakuokoa.
Kwa kuwa sasa ni rahisi, alipiga maradufu.
Aliyekwenda na arobaini akaenda na mia,
karatasi ya shabaha ikawa chekecheke,
na faida ikapitia matundu yale yale.

Nilimwonyesha. Akavaa miwani, akasoma hadi chini.
"Umesahau umeme wa taa," akasema.

Gathitu wa Kamukunji, mnunuzi wa vyuma chakavu,
haulizi maswali: nipe kwa kilo, nikulipe leo.
Julai moja, baridi ya kuuma meno,
nilibeba mfuko hadi mlangoni.
Ulikuwa mzito kama mtoto wa miezi mitatu.
Nikaurudisha. Msiniulize.

Wiki nzima Nzau hana maneno.
Ila ganda likiwa kwenye maji, brashi mkononi,
hapo hunieleza habari za Wote, za shangazi yake
aliyelala na panga chini ya mto
akiwaogopa fisi na mawakili.
Akifika kwenye baruti, kimya.
Redio huzimwa. Hata paka hutolewa nje.

Kisha huinua moja moja kwenye mwanga,
akitafuta ufa mwembamba kama unywele.
Lenye ufa, kwenye mkebe wa Kimbo.
Lenye wasiwasi tu, mkebe huo huo.
Nyumbani humu hatujawahi kutupa kitu kwa wasiwasi:
si viatu, si mkate, si ndugu.

Jana stima ilipotea saa mbili usiku.
Mashine ilikuwa imefunikwa, ilikuwa zamu ya kuhesabu tu.
Sikuinuka kutafuta mshumaa.
Nilimsikia gizani akiyapanga kwa vidole,
tik, tik, midomo ya shaba ikigusa ubao,
na lori likipanda Barabara ya Mombasa kwa gia nzito.

"Mia moja na kumi na tatu," akasema.

"Kumi na nne," nikamwambia.
"Moja liko kwenye slipa yangu."